Maua Juu ya Ampli

Nimefunga kazi. Sijazeeka, macho ndiyo yamezeeka kabla yangu, na mtu asiyeona mguu wa transista asijiite fundi, aende akapande viazi Bugeshi. Vijana waliorithi meza yangu hapa Gisenyi wameniomba niwaachie maneno kwenye karatasi, maana wanasema nikiongea kwa mdomo naongea mengi na wao wanashika machache. Bon. Mi sikusoma. Darasa la tatu niliacha kabla sijalizoea. Herufi nilijifunza migongoni mwa radio, pale wanapoandika waya upi uende wapi, na herufi za namna hiyo hazijawahi kunidanganya.

Kwanza mjue ni nani anayewaandikia. Kuanzia Nyakiriba mpaka ng'ambo ya Grande Barrière, ule mpaka wetu na Kongo, mtu akiuliza "Ampli anakaa wapi?" alikuwa hatafuti mashine ya kukuza sauti, alikuwa ananitafuta mimi. Jina nilipewa na watu, sikujipa. Nyumba yangu ya matofali na shule za watoto wangu, vyote vilitoka kwenye ncha ya chuma cha kulehemu. Sikurithi hata msumari. Nasema hivi si kwa kujisifu, ingawa hata kama ningejisifu ningekuwa na sababu.

Maishani nimekuwa na bosi mmoja tu. Aliitwa Mzee Kalonda, alikuwa na kibanda Birere, kule Goma, na kila sauti iliyonyamaza katika mji ule ilipita mikononi mwake. Siku ya kwanza nilifika kwake nimevaa shati nililovaa kwenye harusi ya kaka yangu, nikijua nitapewa bisibisi. Akanipa brashi ya rangi iliyokwisha nywele.

"Muzee, na bisibisi?"

"Bisibisi ya nini? Unajua kile iko ndani?"

"Sijui."

"Donc unataka kufungua kitu haujui. Mwizi njo anafanya vile. Safisha."

Nikasafisha. Nilisafisha mpaka shati la harusi likawa shati la kazi. Radio za mji wetu zina wapangaji: mende wanapenda joto la transfoma, na unyevu wa ziwa unawapa maji ya kunywa. Nusu ya kazi hii ni kuwafukuza mende. Nusu ya pili ni kuwafukuza wenye radio wanaokuja kusimama mgongoni kwako wakikuambia wanavyodhani.

Kalonda alinifundisha kunusa kabla ya kushika. Karatasi ya spika iliyooza ina harufu ya kitabu cha kanisa. Transfoma iliyoungua inanuka kama sukari iliyosahauliwa jikoni. Akanifundisha kupasha chuma kwenye jiko la makaa umeme ukikatika, na kupima spika kwa betri ya tochi: ukigusa nyaya, karatasi ikiruka mbele umeunga sawa, ikirudi nyuma umegeuza. Ukigeuza moja ukaacha ya pili, besi inapotea, na mteja atakuja kukuambia umemwibia kitu asichokijua jina.

Na akanifundisha taa. Hii sikilizeni vizuri, maana nimeona mnaipuuza. Mashine ikitoka mezani, usiichomeke moja kwa moja. Pitisha umeme kwanza kwenye taa ya kawaida ya nyumbani, halafu ndipo uingie kwenye mashine. Taa ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, zima, ndani kuna ugonjwa na taa imeubeba badala ya ampli. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, mgonjwa amepona. "Taa ilie kwanza," alikuwa akisema Kalonda, "mwenye mali asilie."

Kitu alichokichukia kuliko mende ni vitambaa. Mnajua desturi yetu. Mtu akinunua kitu kizuri cha kuweka ukumbini, mke wake anakifumia kitambaa cha uzi mweupe chenye maua, anakifunika. Radio, televisheni, mgongo wa kiti, hata chupa ya chai. Ni heshima. Kitu kisichofunikwa ni kitu ambacho hakina mwenyewe. Lakini ampli inapumua kwa juu, matundu yako juu, na joto likikosa njia linarudi ndani kula transista. Ampli nyingi zilizofika kwetu ziliuawa na mapenzi. Kalonda alikuwa akiwaambia akina mama, "Mama, ile kitambaa ni mto unamuwekea mugonjwa ku uso." Walikuwa wanaitikia ndiyo, ndiyo, na baada ya miezi michache ampli ilikuwa inarudi, na kitambaa kimefuatana nayo, kimefuliwa na kupigwa pasi.

Zikaja zile siku za mwaka wa tisini na nne na zilizofuata. Sitaziandika. Kila mtu wa Gisenyi anazo zake, na karatasi hii ni ya kazi. Niseme tu kwamba zilinikuta Goma kwa Kalonda, na kwamba baadaye Birere ilijaa vitu vya nyumbani vya waliokimbia, vikiuzwa chini kwenye vumbi jeusi la volkano: viti bila meza, meza bila viti, picha za harusi za watu ambao hakuna aliyewajua. Kila mtu alinunua, kwa sababu kila mtu alikuwa amepoteza.

Hapo ndipo nilipoipata ampli yangu. Muuza makaa mmoja alikuwa ameikalia. Niliona miguu minne ya mpira chini ya matako yake, na miguu ile nikaijua.

"Papa, hiyo umekalia unajua ni nini?"

"Kiti."

"Unataka kiti kizuri zaidi?"

Nilimpa kiti chenye mgongo na radio kaseti niliyoifufua mwenyewe, akaona nimepungukiwa akili. Nikaondoka nimebeba ampli kifuani kama mtoto aliyelala, mikono ikiniuma, maana wakati ule walizijaza chuma ndani. Kampuni siitaji, wasije wakapata tangazo la bure. Sanduku lake lilikuwa la mbao ya rangi ya chai kavu. Mbele ilikuwa na kioo, na nyuma ya kioo mishale miwili iliyocheza na muziki, wa kushoto na wa kulia. Nimefungua mashine nyingi maishani, na nilipofungua ile niliweka bisibisi chini. Nyaya zilikuwa zimelazwa kama nywele zilizosukwa na mtu asiye na haraka.

Ilikuwa na alama mbili. Ya kwanza ilikuwa juu ya sanduku: maua. Hayakuchorwa. Kitambaa kilikuwa kimekaa pale miaka na miaka, na jua la dirishani pamoja na joto la ampli vikauchapa ufumaji wake kwenye vanishi. Palipofunikwa na uzi palibaki peusi, palipokuwa tundu pakafifia. Ungeweza kuhesabu petali. Alama ya pili ilikuwa ubavuni upande wa kushoto, karibu na kona: vanishi ilikuwa imechubuka mahali padogo, kama mlango unaopigwa hodi kila siku pahali pale pale. Hiyo niliielewa nilipoiwasha. Sauti ya kushoto ilikuwa inapotea, ukiigonga inarudi. Ndani kulikuwa na mguu mmoja wa waya ulioachia risasi yake ya kulehemu. Mwenye ampli alikuwa amechagua kubisha badala ya kumwita fundi. Niliulehemu, nikajisemea kwamba yule bwana alikuwa mvivu au alikuwa na subira nyingi, na sikujua ni kipi.

Maua nilitaka kuyapiga msasa. Mke wangu, Zaina, akanishika mkono.

"Acha maua."

"Hii si maua, ni kosa la mtu."

"Basi alikosea vizuri. Acha."

Nikaacha. Spika nilizitengeneza mwenyewe, mbao za libuyu, ule mti mgumu wa Kongo, na nasema hapa bila haya kwamba sijaona za dukani zilizozishinda. Cha kupigia sahani za santuri nilikitoa kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa inafungwa, sindano yake ikiwa mbovu, na sindano nyingine nikaitafuta mpaka nikaipata. Ilipokamilika, Mzee Kalonda alikuja, akakaa mbele yake, akasikiliza upande mmoja mzima wa sahani ya rumba. Kisha akasema, "Sasa unaweza kwenda kwenu." Ndivyo nilivyopata diploma yangu.

Tukarudi Gisenyi, miaka ile ya mwisho ya tisini. Mizigo yetu tuliipakia kwenye chukudu, lile baiskeli la mbao la watu wa Goma linalobeba kila kitu isipokuwa haraka, na juu ya vyote nikafunga ampli. Grande Barrière kulikuwa na askari kijana, mmoja wa waliokulia Uganda. Wakati ule mpaka haukuwa na mzaha, milimani kulikuwa hakujatulia, na kila chenye nyaya kilikuwa na kesi ya kujibu.

"Wewe. Hii ni radio call?"

"Hapana, afande. Ni ampli."

"Ampli ndio nini?"

"Amplifaya, afande."

"Sema hivyo basi. Fungua."

Nikafungua pale pale juu ya chukudu, watu nyuma yangu wakinung'unika na ndizi zao vichwani. Akainama akaangalia ndani.

"Waya yote hii ni ya muziki tu?"

"Ya muziki mzuri, afande. Mbaya unatumia kidogo."

Alikaribia kucheka, akajizuia, kazi ni kazi. Akapitisha kidole juu ya sanduku. "Na haya maua?"

"Kitambaa, afande. Watu walifunika."

"Mama yangu alifunika hata redio ya betri. Baba akilala mchana alifunikwa na yeye." Akanirudishia kifuniko. "Pita. Na usiifunike."

Nikafungua karakana, chumba kimoja chenye meza na dirisha, na kazi ikaja yenyewe. Mji ulikuwa umejaa watu waliorudi kutoka kila upande, kila mmoja na Kiswahili chake na radio yake. Wa Tanzania waliniita "ndugu fundi" na kunieleza tatizo kwa sentensi ndefu zilizonyooka. Wa Uganda walichanganya Kiingereza na kuninyooshea kidole mahali pa kufungua. Wa Goma walisema tu, "Ampli, iko inakataa." Nilimtengenezea bwana mmoja wa Bugeshi radio iliyokaa jikoni mpaka ndani yake pakawa na masizi kama sufuria, niliiosha kwa mswaki na mafuta ya taa, ikaimba, akasema sauti imebadilika, aliipenda zamani ilipokuwa na kikohozi. Ukimtengenezea mtu kitu, muulize kwanza alikuwa anakipendea nini.

Lakini Jumapili mchana niliacha ya watu, nikawasha ya kwangu. Nilifungua dirisha, nikaweka sahani, nikakaa katikati, spika moja huku, nyingine kule, na hapo katikati ndipo mwimbaji alikuwa anasimama, mbele yangu kabisa, ingawa hapakuwa na kitu. Ninyi mnaoweka muziki kwenye simu ndani ya glasi hamjui ninachosema. Watu walikuwa wanakaa kwenye ukuta wa nje kusikiliza. Waislamu wenzangu wakitoka msikitini, jamaa za Zaina waliobaki Wakatoliki wakitoka misa, wote ukutani. Nilikuwa naangalia mishale ile miwili ikicheza, najiambia: mtoto wa darasa la tatu, angalia ulipofika. Ile ampli ndiyo ilikuwa inanijibu.

Jumapili moja, miaka kadhaa baada ya kurudi kwetu, akapita Mama Claudine. Wakati huo sikumjua jina. Alikuwa mama wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na beseni kichwani. Zaina akamwita aingie ukumbini atoke juani. Aliweka beseni chini, akainua macho, akaiona ampli.

Alimpimia Zaina samaki, kisha akampimia tena kana kwamba hajampimia. Zaina akamwambia, "Mama, umeshanipa." Akasema, "Ehh," akabeba beseni, akatoka. Mi nilidhani ni muziki umemwingia, ilikuwa inatokea.

Kesho yake akarudi bila samaki. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, na mkononi alikuwa na mfuko. Akaomba ruhusa, si kwangu, kwa Zaina. Kisha akatoa kitambaa.

Kilikuwa cha uzi mweupe uliogeuka rangi ya maziwa ya jana. Pembe zake nne zilikuwa zimeshonwa kama za kofia, maana kilifumwa kwa kipimo, kisiteleze. Akakivisha ampli yangu. Pembe zikashika kona, na kila ua likalala juu ya ua lake. Mi ni mtu wa kupima, najua kitu kikikaa mahali pake.

"Mama," nikasema kabla yeye hajasema, "hii ampli nilinunua."

"Najua, Fundi. Batu bote balinunua."

"Nilinunua Birere, mchana, mbele ya watu."

"Sikukuja kuibeba. Niibebee wapi, niko na chumba moja? Nilitaka tu kujua kama njo ile." Akakivua kitambaa taratibu, pembe moja moja. "Njo ile yenyewe."

Zaina akamletea chai. Akatueleza kidogo, jinsi watu wa hapa wanavyoeleza, wakirukaruka mahali palipo na maji. Siku walipotoka nyumbani kila mtu alishika kilichokuwa karibu. "Bengine balishika chakula. Mi nilishika kitambaa. Bwana yangu akanicheka mu njia. Nafikiri ile njo mara ya mwisho nilimuona anacheka." Mumewe hakurudi. Nyumba yao walikuwa wakipanga, sasa ilikuwa na watu wengine. Alikuwa amebaki na binti, Claudine, ambaye wakati ule wa kutoka alikuwa mdogo wa kubebwa mgongoni njia ikiwa ndefu.

"Claudine anasema tangu zamani mi nauza sambaza tu. Namwambia, sha, tulikuwa na salon ya kupokea wageni, na viti, na Siku ya Mungu baba yako alikuwa anaweka disque ya muziki. Ananiangalia vile unaangalia mutu iko na homa." Akanywa chai. "Hana kosa. Mi mwenyewe nilikuwa nimeanza kumuamini yeye."

Akashukuru, akaenda zake. Hakuomba chochote. Angeomba, ningekuwa na la kumkatalia, maana hoja zangu zote nilikuwa nazo tayari.

Jumapili iliyofuata niliwasha, na watu walikuwa ukutani, na mwimbaji hakusimama katikati. Nilisogeza kiti. Nikapima spika upya kwa betri. Kila kitu kilikuwa sawa na hakuna kilichokuwa sawa. Nikazima. Zaina alikuwa anachambua maharage.

"Nilinunua kwa haki," nikamwambia.

"Nani amesema hapana?"

"Na vitu vyangu mimi nilivyopoteza, nani alinirudishia?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Sasa hakuna. Mi nachambua maharage." Akatupa jiwe nje. "Ila nakumbuka kuna mtu huwa anasema kutoka Nyakiriba mpaka Goma hakuna fundi kama yeye. Huyo mtu hawezi kujitengenezea nyingine? Au ile ndiyo ilikuwa inamtengeneza yeye?"

Vijana, kuweni na adabu na mnayojisifia, maana mke anayaweka akiba. Nilitoka nikazunguka mpaka ufukweni nikarudi. Nilipofika mlangoni nilikuwa nimeshaamua kuirudisha.

Basi nikaifungua mara ya mwisho. Sikutaka mtu aseme fundi Ampli alirudisha kitu kibovu. Nilisafisha kwa brashi kama siku yangu ya kwanza, nikabadilisha vilivyochoka, nikafuta kioo cha mishale. Mbao nilipaka mafuta, lakini juu, penye maua, na ubavuni, penye mchubuko, sikugusa. Halafu nikaiweka kwenye toroli pamoja na spika moja, maana ampli bila spika ni sanduku, na radio ndogo ya kuipa kitu cha kusema.

Chumba chao kilikuwa juu kidogo kwenye mteremko, kitanda, masanduku, taa moja inayoning'inia katikati. Ilikuwa mchana. Claudine alikuwa amesimama mlangoni mikono kifuani, mrefu, na macho ya mtu aliyekuja kuona uongo ukishindwa.

"Njo hii," mama yake akamwambia.

"Nimeiona."

"Unaikumbuka?"

"Hapana."

Mama yake akageukia ukutani akajifanya anatafuta mahali pa kuweka kitu. Mi nilikuwa na kazi yangu. Hawakuwa na tundu la umeme, kwa hiyo nikaitoa taa yao, nikavuta umeme pale pale, na taa hiyo hiyo nikaiunga njiani, jinsi Kalonda alivyonifundisha. Nikabonyeza. Taa ikawaka, kisha ikafifia. Kwenye kioo mwanga ukatokea, mishale ikatikisika ikalala. Radio ilikuwa bado inatafuta kituo, inakoroma tu.

Yule binti akatoka mlangoni. Alipita mbele yangu kama mtu anayekwenda kuchukua kikombe chake, hakuangalia, hakuinama. Akapeleka mkono ubavuni mwa ampli, upande wa kushoto karibu na kona, akagonga kwa mgongo wa vidole, mara mbili.

Palikuwa pale pale penye mchubuko.

Nilifungua mdomo kumwambia kwamba haihitaji tena kugongwa, kwamba ile kasoro niliimaliza mwenyewe, kwa mkono wangu, kazi safi. Nikaufunga. Nadhani ni mara yangu ya kwanza kumeza sifa.

"Nani alikufundisha kugonga hapo?" mama yake akamuuliza.

Claudine aliuangalia mkono wake. "Sijui. Si inagongwa?"

Mama Claudine akakaa kitandani. "Inagongwa," akasema. "Njo vile. Inagongwa."

Nikakishika kituo, ikatoka rumba ya zamani, ya kawaida tu, na mshale wa kushoto ukaanza kucheza. Spika ilikuwa moja, muziki wa upande mmoja, kazi ambayo kwangu ningeionea aibu. Nikaacha kila kitu pale, na spika. Nilipofika kwenye toroli nikageuka kuaga, nikamwona Mama Claudine ametoa kitambaa kwenye mfuko na anakivisha ampli, inaimba hivyo hivyo.

Nikarudi mbio. "Mama, hapana. Inapumua juu, itaungua."

"Najua, Fundi. Bwana yangu alikuwa ananigombeza kila siku juu ya ile kitambaa."

"Sasa unakiweka kwa nini?"

"Nikiiweka namusikia ananigombeza."

Hapo, vijana, nikaangalia matundu ya ampli, nikaangalia kitambaa. Kalonda mwenyewe hakunifundisha la siku kama hiyo. Nikasimama, nikafikiri kama fundi, kisha nikamwambia, "Basi kiweke. Lakini kabla ya kuwasha kiinue, ukizima kirudishe." Akanitazama, akakiinua, akakikunja mapajani mwake. Ampli ile iliimba miaka mingi na haikurudi mezani kwangu hata siku moja. Hiyo naihesabu kama kazi yangu bora kuliko zote, na sikutumia hata tone la risasi.

Kwa hiyo msiwaambie akina mama watoe vitambaa. Waambieni waviinue kabla ya kuwasha. Na ukikuta alama kwenye mashine ya mtu, usipige msasa kabla hujauliza.

Nilijitengenezea nyingine, bila shaka. Nilichukua muda, na ikatoka nzuri, na spika mpya ya kuifuata ile iliyobaki. Wengine wanasema inaishinda ile ya kwanza. Mi nawaacha waseme. Ilipokamilika, Mama Claudine alikuja kuipima kwa uzi, mbele na nyuma, bila kunieleza, na baada ya muda Claudine akaleta kitambaa, chenye pembe za kofia na maua yale yale. Zaina akakivisha, akanitazama nitasemaje. Nikamnyooshea pembe moja.

Meza, mita na bisibisi nimewaachia ninyi. Ampli iko nyumbani. Jumapili mchana nafungua dirisha, nakiinua kitambaa, nakikunja. Kisha naigonga ubavuni mara mbili, ingawa haina kasoro yoyote, maana niliitengeneza mwenyewe, ndipo nawasha.